Chumba Kilichooshwa Mapema

Habari hii alinipa Mwasiti binti Abdu, mjane wa Inspekta Akida, mwaka ule mvua za kupandia zilipochelewa Kahama. Tulikuwa tumekaa uani kwake tunachambua karanga za mbegu, yeye anaongea, mimi natupa mbovu. Alisema marehemu mumewe alishika kesi nyingi, za ng'ombe, za almasi za Maganzo, za watu kukatana mapanga, lakini hii ndiyo aliyokuwa akiirudia hata alipolala kitandani mgonjwa. Naiandika kama nilivyoipokea.

Ilikuwa mwaka wa sabini na tano, mwezi wa saba, baridi kali na vumbi.

Mzee Telesphori alikutwa amekufa chumbani kwake katika Makao ya Wazee ya Mwisengo, nje kidogo ya njia iendayo Ushirombo. Alikuwa amelala chali. Mikono ilikuwa imepangwa kifuani, na shuka nyeupe imevutwa mpaka kidevuni.

Inspekta Akida alifika mapema, kwa kuwa alikuwa Ushirombo tayari kwa kesi ya wizi wa ng'ombe. Alikuwa mtu wa Pwani, mrefu, mkimya, wakati huo bado hajaoa, anayeishi peke yake katika nyumba ya polisi Kahama. Aliinama juu ya maiti akatazama shingo. Hapakuwa na alama. Akatazama macho. Hayakuwa na damu. Akafungua mdomo kwa kidole, akatazama fizi, kisha kucha.

"Makoye, njoo uone."

Koplo Makoye, Msukuma wa Shinyanga, alisogea. Fizi na kucha za mzee zilikuwa nyekundu, za kung'aa, kama za mtu aliyetoka kucheza ngoma.

"Afande, huyu marehemu ana afya kuliko wewe," alisema Makoye.

"Ndiyo maana nimekuita."

Mlangoni alisimama msimamizi wa makao, Nesi Mektilda, mwanamke wa makamo, gauni limepigwa pasi mpaka linakata. Akida alimgeukia.

"Nani aliingia humu leo?"

"Mimi. Kulipopambazuka. Nikamkuta hivyo."

"Hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Hukugusa kitu?"

"Mimi ni nesi, Inspekta. Taratibu nazijua."

Akida alitazama chini. Viatu vyake vilikuwa vimeacha nyayo kwenye saruji, na nyayo zenyewe zilikuwa za maji. Chumba kizima kilinuka dawa ya kuoshea sakafu.

"Sakafu imeloa."

"Sakafu zote zinaoshwa asubuhi."

"Hata yenye maiti?"

"Hasa hiyo yenye maiti."

Akida aliivuta shuka taratibu. Ile ya chini ilikuwa bado na mikunjo ya pasi, imenyooka kama karatasi mpya. Mtu aliyelala usiku kucha hawezi kuacha kitanda namna hiyo, sembuse mzee mwenye mgongo mbovu.

"Daktari wa misheni ameitwa?"

"Ameitwa."

"Basi chumba kifungwe. Ufunguo nipe mimi."

Nesi aliutoa. Kabla ya kugeuka alitupa jicho juu ya dirisha, mara moja tu, kisha akaondoka.

Akida alitembea varandani. Hajapata kuona mahali pasafi kama pale. Kuta zilikuwa nyeupe mpaka zinaumiza macho. Chokaa ilikuwa bado mbichi, maana wageni wa mkoa walikuwa wanatoka Shinyanga kuja kukagua usafi, na Mwisengo ilitegemea kushika namba ya kwanza. Vyumba vyote vilikuwa sawa: kitanda cha chuma, blanketi la kijivu, bakuli la bati. Hapakuwa na mkeka wa mtu, wala kigoda cha mtu, wala kibuyu. Mzee akiletwa pale, vitu alivyokuja navyo vinachomwa nyuma ya choo, nguo zinachemshwa, naye anapewa kaniki ya bluu kama wenzake.

Wazee walikuwa wamekaa kwenye benchi, wanaota jua, hawaongei. Akida aliwaza kwamba chumba chake cha Kahama nacho kiko hivi hivi. Hakulipenda wazo hilo.

Mwanzoni mwa benchi alikaa mzee mfupi mwenye kofia ya pama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Naitwa Marselino. Umechelewa, mwanangu. Mchawi ameshakunywa uji."

"Mchawi gani?"

Mzee Marselino alionyesha kwa kidevu. Mwisho kabisa wa benchi, pengo kubwa likiwa limeachwa kati yake na wenzake, alikaa bibi mmoja mwembamba amejifunika khanga kichwani. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekesha msibani.

"Macho mekundu ni moshi, mzee. Kupikia mavi ya ng'ombe miaka yote."

"Moshi wa wapi? Humu hakuna moshi hata wa sigara. Kiko changu mwenyewe nesi alikitumbukiza chooni. Kiko cha baba yangu." Alitema mate pembeni, akayafukia kwa mguu haraka, akitazama huku na huku asionekane. "Huyo Anisia kila jioni alikuwa mlangoni kwa Telesphori, ameficha kitu ndani ya khanga. Kitu gani? Muulize. Na kuku je?"

"Kuku gani?"

Mzee alitazama kwanza mlango wa ofisi ya nesi.

"Mzee wangu, aliyekufa amekufa. Nesi hawezi kumfanya kitu."

"Alikuwa na tetea," alisema Marselino kwa sauti ya chini. "Chini ya kitanda, kwenye boksi. Anamlisha makombo ya ugali. Sisi wote tunajua, nesi hajui. Ukipita dirishani unamsikia anakorokota. Unasimama kidogo, unasikiliza. Unajiona kama uko kwenu." Alisogeza kofia. "Leo nimekwenda haja, nimemwona kwenye shimo la taka. Hana jeraha, hana ugonjwa. Mtu na kuku wake siku moja. Bado unataka ushahidi?"

Makoye alimvuta Inspekta pembeni.

"Afande, yule mayu, yule mama, namjua. Ndiye tuliyemleta mwaka juzi kutoka Ushetu. Shemeji zake walimchomea nyumba kwa ajili ya macho hayo hayo. Tulifika bado inafuka. Alikuwa amejificha kwenye bani la kukaushia tumbaku."

"Na ndugu wa marehemu?"

"Mpwa wake yuko Bukombe, anaitwa Ansgar. Habari imeshamfikia. Anakuja mchana huu na trekta la kijiji kuchukua maiti, yeye na vijana wake."

"Wakikutana na huyu Marselino kwanza?"

Makoye alikuna kidevu. "Wakiondoka hapa bila sababu ya kifo, watakuwa na sababu yao. Hata tukimficha leo, watarudi. Hana pa kwenda tena yule."

Akida alimwendea bibi. Hakusimama mbele yake kama askari, alikaa penye lile pengo la benchi.

"Shikamoo, bibi."

Bibi Anisia aliitika kwa Kisukuma. Kiswahili alikuwa anakisikia, lakini kukitoa mdomoni kulimpa tabu. Makoye akachuchumaa mbele yake, akatafsiri.

"Ulikwenda chumbani kwa Mzee Telesphori jana jioni?"

"Anasema hapana."

"Juzi?"

"Anasema hapana."

"Mwambie watu wamemwona."

Makoye alimwambia. Bibi alivuta khanga, akaficha mikono. Akasema neno refu, kwa upole, kama anayeongea na mtoto.

"Anasema, watu walimwona Ushetu pia."

Akida aliitazama ile mikono kabla haijapotea kabisa ndani ya nguo. Ncha za vidole zilikuwa na malengelenge, mapya juu ya makovu ya zamani. Hakuuliza juu yake. Alisimama, akamwambia Makoye wakatazame taka.

Tetea alikuwa amelala juu ya maganda ya viazi, wa madoadoa, mnene. Karibu yake palikuwa na boksi lililokanyagwa na mayai yaliyopasuka. Akida alimgeuza. Shingo ilikuwa nzima. Upanga wa kichwani, ambao kwa kuku mgonjwa hugeuka rangi ya udongo, ulikuwa mwekundu unaowaka.

"Nesi anasema hakugusa kitu," alisema Akida. "Huyu kuku alitoka mwenyewe akaja kujitupa?"

"Na boksi lake kwapani," alisema Makoye.

"Nilipokuwa Geita tuliwahi kuitwa kwenye shimo la wachimbaji wadogo. Walikuwa wamewasha makaa mle chini wakaushe nguo. Tukawakuta wamelala wamekumbatiana, fizi nyekundu hivi hivi. Hawakuwa na hata mchubuko."

Makoye alimtazama kuku, akatazama nyumba. "Lakini afande, hili si shimo. Hii ni nyumba."

"Ndilo linalonisumbua."

Daktari wa misheni alifika kwa pikipiki. Akaingia na Inspekta, akampindua marehemu, akabonyeza mgongo na matako mahali damu ilipotulia. Akauliza swali moja tu.

"Alikuwa na jiko la mkaa humu?"

"Kwa nini?"

"Damu ikisimama huwa inakuwa ya zambarau, nyeusi-nyeusi. Hii ni nyekundu. Hii ni hewa ya makaa, Inspekta. Hainuki, haichomi koo. Unasinzia tu. Nitachukua damu ipelekwe kupimwa, lakini mimi mwenyewe sina shaka."

"Si sumu ya kunywa?"

"Hapana."

"Wala hakunyongwa?"

"Wala."

Daktari alipotoka, Akida alipiga magoti akasogeza kitanda. Dawa ilikuwa imeondoa kila kitu isipokuwa kimoja. Karibu na ukuta, saruji ilikuwa imegeuka rangi, imeungua kwa duara dogo kama la mdomo wa chungu. Mahali hapo palikuwa pamewekwa moto si siku moja, siku nyingi. Nyuma ya mlango lilining'inia koti kuukuu la marehemu, na upindo wake wote ulikuwa na vumbi la chini, umefinyangika kama kitambaa kilichosukumwa kwenye uwazi wa mlango.

Moto ulikuwapo siku nyingi. Mbona amekufa jana?

Akida alisimama katikati ya chumba. Akakumbuka jicho la nesi. Akainua uso, akatazama juu ya dirisha.

Alimwita Makoye, wakakaa humo muda. Walipotoka, walikuwa wamefunga mlango tena na hawakuwa wamechukua kitu.

Nesi Mektilda alikuwa ofisini kwake, anakunja mashuka.

"Nesi, humu wanaruhusiwa kuwasha moto?"

"Hata kidogo. Anayekutwa na moto anarudishwa kwao. Wote wanalijua hilo."

"Na asiye na kwao?"

Nesi alichukua shuka nyingine.

"Mzee Telesphori alikuwa na makaa chumbani. Wewe uliyaona asubuhi?"

"Sikuona makaa."

"Kuku je?"

"Mimi sifugi kuku kwenye vyumba vya wagonjwa, Inspekta."

"Uliingia kulipopambazuka. Ukabadili shuka, ukaosha sakafu, ukatupa kuku. Halafu ndipo ukatuma mtu polisi. Ulikuwa unawaza nini?"

Nesi alilinganisha pembe za shuka, moja juu ya nyingine.

"Nilikuwa nawaza kwamba wageni wanakuja," alisema.

Nje, trekta lilisikika.

Ansgar alikuwa mtu mpana, mkulima wa tumbaku, amevaa suti ya Jumapili iliyobana mabega. Vijana wake waliruka kutoka kwenye trela, na mmoja alikuwa na panga la kukatia magogo, ingawa hapakuwa na gogo la kukata. Kabla Akida hajafika uani, Mzee Marselino alikuwa ameshawasalimia na ameshasema yote. Benchi zima lilikuwa limesimama. Bibi Anisia tu ndiye aliyekaa.

"Pole kwa msiba," alisema Akida.

"Tumeshapoa, afande. Tunaomba jina tu."

"Jina la nini?"

"La mtu. Hayo mengine tutajua wenyewe. Hatutaki kuisumbua serikali."

"Mjomba wako nani alimleta hapa?"

"Mimi."

"Lini ulikuja kumwona?"

Ansgar alisogeza miguu. "Kilimo, afande. Unajua tumbaku."

"Sijui tumbaku. Nimeuliza lini."

"Sijaja tangu nilipomleta." Sauti ilipanda. "Lakini ni mjomba wangu. Na yule pale ana macho, kila mtu ameniambia."

Hapo Bibi Anisia akainuka. Ilimchukua muda. Akaanza kusema, si kwa Akida wala kwa Ansgar, ila kama anayeuambia ule ua mtupu, na Makoye akawa anatafsiri nyuma yake kwa sauti inayozidi kushuka.

"Anasema, moto ni yeye aliyempa. Mzee alikuwa anaumwa baridi mpaka magoti yanagonga. Kwao na kwetu mtu mzima halali bila moto. Mpishi akishakwenda kwake jioni, yeye anakwenda jikoni uani, anachota makaa, anayaweka kwenye kigae, anafunika majivu, anakibeba ndani ya khanga. Tangu baridi ianze. Anasema, mzee alikuwa anaziba chini ya mlango kwa koti, harufu isimfikie nesi. Wakishaficha moto wanakaa kidogo, wanazungumza. Halafu yeye anakwenda kulala." Makoye alimgeukia Akida. "Anasema alikukatalia, Inspekta, kwa sababu angerudishwa Ushetu. Anasema sasa mrudisheni, ila hao vijana waweke panga chini kwanza, linamtisha."

Kijana mwenye panga alilitazama kama anashangaa nani amempa. Akalilaza kwenye trela.

"Makaa hayaui mtu," alisema Ansgar. "Mimi nimelala na moto tangu nizaliwe. Baba yangu vilevile. Huu ni uongo wa kufichia dawa."

"Nyumba yako umeezeka nini?"

"Nyasi."

"Na moshi hutokea wapi?"

"Kwenye nyasi. Utokee wapi?"

"Hii ina bati, na chini ya bati dari ya mbao, na kuta za saruji. Haivuji popote. Aliyeijenga aliacha matundu ya hewa juu ya kila dirisha. Ingia chumbani kwa mjomba wako. Panda kitandani, uyatafute hayo matundu."

Alimpa ufunguo. Ansgar aliingia. Watu wote walingoja. Walisikia kitanda kikilia, kisha vipande vya chokaa vikianguka. Alipotoka, suti yake ilikuwa nyeupe mabegani, na mikononi alikuwa na matambara, marundo mawili, yamekakamaa kwa chokaa. Yalikuwa mashuka ya makao yaliyochanwa.

"Yamesukumwa ndani na kupakwa juu yake," alisema taratibu. "Ukiwa chini huoni. Huwezi kuona."

"Chokaa ilipakwa juzi na jana," alisema Akida. "Moto wa bibi ulikuwa ule ule wa siku zote. Hewa ilikuwa inatoka. Jana haikuwa na pa kutokea, na mzee mwenyewe alikuwa ameshaziba mlango. Na kuku wake alikuwa chini ya kitanda, akafa pamoja naye. Kuku hana adui wa kumroga."

"Nani aliziba?"

Akida hakumtaja mtu. Aligeuka tu, akamtazama Nesi Mektilda aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa ofisi na shuka mkononi. Aliendelea kumtazama. Angeweza kusema mwenyewe, lakini alisubiri.

"Mbayuwayu," alisema Nesi Mektilda mwishowe. "Walikuwa wamejenga kwenye matundu. Wanachafua ukuta, kinyesi kinachuruzika mpaka kitandani. Nikasema nizibe mpaka wageni wapite. Vyumba vyote nimeziba."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi nikafungua mlango, nikaona koti, nikaona kigae. Nikatazama juu." Aliiweka shuka kwenye ngazi, akaikalia, gauni lile lote la pasi. "Habari za makaa nilifundishwa uuguzini. Nilijua pale pale. Nikasema, nikikiondoa kigae, atakuwa mzee aliyefariki usingizini. Wazee hufariki. Nani atauliza?"

"Halafu wakaanza kumsema bibi huyu."

"Ndiyo."

"Ukasikia."

"Nilisikia tangu wakati wa uji."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Lawama zilikuwa zinaelekea kwa mtu mwingine." Aliinamisha uso. "Mama yangu alikufa kwa homa ya papasi, Inspekta. Katika nyumba ya udongo, kwenye mkeka wake, kando ya mafiga yake. Papasi wanakaa pale pale penye joto, kwenye udongo chini ya moto. Nilikuwa shule ya uuguzi. Nilirudi nikakuta wameshamzika, nikainua ule mkeka. Sitaki kusema nilichokiona. Nikaapa, watu nitakaopewa mimi kuwatunza hawataumwa na mdudu hata mmoja. Na hawajaumwa. Waulize. Hakuna aliyeumwa."

Hakuna aliyeulizwa. Mzee Marselino alivua kofia, akaitazama ndani.

"Kuziba tundu kwa kutojua si kosa la kukufunga," alisema Akida. "Kutupa ushahidi ni kosa. Kumwacha bibi huyu abebe kifo hiki mbele ya watu wanaokuja na panga, hilo sijui sheria italiitaje, lakini nitaliandika lote. Utakwenda na Koplo Ushirombo, utoe maelezo."

Nesi alitikisa kichwa kukubali. Akaomba tu amalizie kukunja ile shuka. Wakamngoja.

Maiti ya Mzee Telesphori ilipakiwa kwenye trela, na vijana walipanga nyasi chini yake ili isigonge njiani. Ansgar alipokuwa tayari kupanda, alirudi mpaka kwenye benchi. Akamwamkia Bibi Anisia. Bibi akaitika.

"Makoye, niulizie," alisema. "Mjomba alikuwa ananitaja?"

Makoye aliuliza. Bibi alifikiri sana. Mtu angeweza kuona anatafuta kitu cha kumpa.

"Anasema alikuwa akitaja njia ya Nkome. Ujana wake alibeba dagaa kwa baiskeli, sivyo? Alikuwa akitaja vilima vyote, kimoja kimoja. Hiki kigumu, hiki kina maji. Anasema vilima hivyo sasa anavijua hata yeye."

Ansgar alisimama kidogo pale. Kisha akaenda, na trekta likaondoka.

Bibi naye alikuwa na swali lake, kwa Inspekta. Aliliuliza kwa Kiswahili, neno kwa neno, ili lisipite kwa mtu mwingine.

"Moto wangu ndio umemuua?"

Akida alikuwa ameshawaambia watu wote. Hakuwa na pa kurudi.

"Moto wako na koti lake na chokaa ya nesi," alisema. "Hakuna mmoja wenu aliyetaka."

"Lakini na moto wangu."

"Na moto wako, bibi."

Alishukuru. Alisema asante kabisa, kama mtu aliyepewa maji.

Gari la polisi lilikwenda na Nesi na Makoye. Mtu wa kushika makao angetoka Kahama kesho yake. Mpishi alipika, akaaga. Wazee walibaki na Inspekta Akida peke yake, ambaye hakuwa amepata kutunza hata paka.

Alianza kwa kupanda vitanda vyao, chumba hadi chumba, kuchomoa matambara. Chokaa ilimwingia machoni. Alipomaliza, kuta zote zilikuwa na madonda juu ya madirisha, na sakafu zilikuwa chafu, na upepo wa baridi ulikuwa unaingia. Mzee Marselino alimwambia kwamba wageni wa mkoa wakija watadhani pamepita ng'ombe. Akamwuliza kama ana sigara. Akida alimpa. Mzee aliivuta ndani ya chumba, miguu juu ya kitanda, majivu anayakung'utia kwenye bakuli la bati, na hakuna aliyemkataza. Akalala jua likiwa ndiyo kwanza limezama. Wengine nao wakalala, mmoja baada ya mmoja, kama wazee walivyo.

Bibi Anisia hakutaka kuingia chumbani. Alikwenda kwenye banda la jikoni uani, lililoezekwa nyasi, akakaa penye mafiga. Akida alimfuata na blanketi mbili. Makaa ya mpishi yalikuwa bado hai chini ya majivu.

"Hapa ni salama," alisema. "Ni nyasi. Nikuchochee moto?"

"Hapana," alisema bibi.

"Kuna baridi."

"Hapana, mwanangu. Moto sitaki tena."

Akachukua kata ya maji, akayamwagia yale makaa mwenyewe. Yakalia, yakanyamaza.

Akida alisimama, hajui aende au abaki. Bibi akapapasa chini kando yake, pale mtu anapokaa.

"Kaa," alisema. "Mpaka nilale."

Alikaa. Giza lilikuwa linaingia pole pole. Bibi akamwuliza kama ana mama, akasema alikuwa naye, Bagamoyo, amekufa. Akamwuliza kama alikuwa karibu naye alipokufa, akasema alikuwa Geita, kazini. Akamwuliza nyumbani kwake Kahama nani anamngoja, akasema hakuna mtu. Maswali yote yalikuwa ya Kiswahili cha kuokoteza, na majibu vilevile. Kisha bibi akajilaza, akajivutia blanketi, akaanza kutaja vilima vya njia ya Nkome, kwa Kisukuma. Akida hakuelewa hata kimoja, lakini alikuwa anaitika kila kimoja, ili ajue yupo mtu.

Katikati ya kilima kimoja sauti ilikatika. Akida alisogeza sikio. Alikuwa anapumua, taratibu, vizuri.

Angeweza kuondoka hapo. Vyumba viwili vilikuwa vitupu, cha bibi na cha marehemu, na kitanda kimoja kilikuwa na shuka safi. Lakini alijifunika blanketi la pili, akaegemea ukuta wa udongo, akasema atakaa kidogo tu, mpaka ahakikishe, na akiwa bado anahesabu pumzi za bibi yule, kichwa kikamwangukia kifuani, akalala.